Simu ya Saa Saba na Robo

Barua ya mtayarishaji wa filamu ilisomwa Jumatatu saa nane mchana, katika ofisi ya wakala wa waigizaji, ghorofa ya nne. Wakala aliisoma akiwa amesimama, miwani imemshukia puani.

"'Ijumaa saa saba na robo tulipopiga simu, wakala mwenyewe alitueleza kwamba mwigizaji wenu amenyoa nywele na hataki tena nafasi ya mhusika mkuu. Leo saa kumi tutamkabidhi mtu mwingine.'"

Akaitupa mezani.

"Wakala mwenyewe! Saa hiyo nilikuwa nje nakula. Mtayarishaji yuko kikaoni, atanipigia saa kumi kasoro dakika kumi. Atataka kujua nani alimdanganya. Nikisema sijui, hatatuamini tena."

Mwigizaji alikuwa ameketi karibu na dirisha lisilofunguka, kitambaa chekundu kichwani. Nafasi hiyo alikuwa ameisubiri kwa miaka saba.

Aliyeitwa kusaidia ni Sajini. Zamani alikuwa polisi. Siku hizi anasimamia jengo, lakini cheo kilimganda. Alivuta kiti, akafungua daftari lake, akamgeukia katibu anayepokea simu za ofisi.

"Ijumaa saa saba ulikuwa wapi?"

"Hapahapa mezani. Sikubanduka."

Sajini alifunua ukurasa mmoja nyuma. "Binti, lifti ilikwama saa saba kamili, ikafunguka saa saba na dakika ishirini na tano. Niliyemvuta kutoka humo alikuwa na soda mbili mkononi."

Katibu akaweka kalamu chini. "Sajini jamani! Si nilikuomba usiseme?"

"Uliniomba nisiseme kwamba ulilia. Habari ya soda hukuitaja."

"Nilifikiri nitafia mle," katibu alinong'ona. "Mlango wa ofisi niliurudishia tu. Niliporudi hapakuwa na mtu. Nilikuta bahasha ya picha mpya za mwigizaji wetu mezani, basi."

Mwigizaji aliruka kutoka kitini. "Tunazungushana bure! Wakala, sema tu umempa nafasi yangu yule mwigizaji mwingine, kipenzi chako."

"Nikuhangaikie miaka saba halafu nikutupe? Na huo uongo wa kunyoa ningeutoa wapi? Nywele zako zinafika mabegani!"

Mkono wa mwigizaji ulipanda hadi kwenye kitambaa, ukashuka. Sajini aliuona ukipanda, akauona ukishuka.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa, "hebu fungua hicho kitambaa."

Kichwa kilikuwa kipara kabisa, na alama za kuungua juu ya sikio.

"Lini?" wakala aliuliza.

"Alhamisi jioni. Dawa ya nywele iliniunguza. Mkataba unasema nisibadili sura bila kukwambia. Niliogopa utaniacha."

"Ningekutafutia wigi! Kwani unadhani kazi yangu ni nini?"

Sajini alisubiri watulie. "Basi aliyepokea simu alijua jambo ambalo wakala halijui. Nani alikunyoa?"

"Dada yangu mkubwa. Hakuna mwingine aliyeniona."

"Na ile bahasha Ijumaa, nani aliileta?"

"Mimi nilikuwa mazoezini. Nilimtuma..."

Dada mkubwa alipigiwa simu, akafika saa tisa na nusu, anahema.

"Semeni upesi. Mama nimemwacha na jirani, kanipa nusu saa."

"Hatutakuchelewesha," Sajini alisema. "Ijumaa ulikuta mlango haukufungwa kwa ufunguo, ofisi tupu, simu inaita."

"Simu gani?"

"Ya saa saba na robo. Habari ya nywele mliijua wawili tu, na mdogo wako alikuwa mazoezini."

Dada aliutazama mlango. Sajini hakuuziba. Dada aliutazama tena, kisha akaketi.

"Nilitaka tu kumwambia aliyepiga kwamba hawapo. Akauliza, 'Naongea na wakala?' Sijui kwa nini niliitikia. Ndipo akasema kazi ni ya miezi minane. Mbali. Miezi minane! Nikamwambia amenyoa, hataki tena." Akamgeukia mdogo wake. "Miaka minne namgeuza mama kitandani kila baada ya saa mbili. Zile jioni unazorudi mapema, mimi hutoka nikasimama barabarani. Nasimama tu, siendi popote. Wewe ukiondoka, mlango unafungwa mimi nikiwa ndani."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Siku ulipopata nafasi ulirudi unaruka kwa furaha, nikapiga makofi. Ningesema saa ngapi?"

Wakala alivua miwani. "Kumbe nyumbani kuna mgonjwa. Hilo linaombewa nafasi kwenye mkataba: wiki moja ya kurudi kila mwezi, na mtu wa kumsaidia mama. Siwezi kuomba nisichokijua. Ila miaka saba, na mimi sijauliza."

Saa kumi kasoro dakika kumi simu iliita. Katibu alinyoosha mkono. Wakala akamzuia, akaisogeza simu mbele ya dada.

"Mimi nitaongea naye baadaye. Kwanza aisikie sauti aliyoisikia Ijumaa."

Dada hakuigusa. Simu ikaita mara ya pili, ya tatu. Mwigizaji, kichwa wazi, alikuja akaketi ubavuni pake.

"Pokea, dada. Mwambie yote. Na ya mama pia."

Sajini alifunga daftari. Simu ilipoita mara ya tano, dada aliinyanyua kwa mikono miwili.

"Haloo. Ijumaa uliongea na mimi," alisema. "Mimi si wakala. Mimi ni dada yake, na nimechoka. Nipe dakika mbili nikueleze."