Kiangazi cha Kesi

Asubuhi hiyo nje ya baraza la ardhi mjini Biharamulo watu walikuwa wamejaa mpaka wengine wamekalia matofali. Jua la kiangazi lilikuwa kali, mabati yakialika kwa joto, vumbi jekundu limewaganda watu kwenye kope. Leonsia alikuwa amevaa gauni la kitenge cha kijani alilolishona mwenyewe. Kiunoni lilimkaa vizuri, lakini mgongoni lilikuwa limelowa jasho. Alitafuta pa kukaa, hakupaona.

"Dada, njoo ukae hapa, kuna kivuli kidogo," alisema kijana mrefu mwenye pama nyeusi na shati jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni.

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mimi Msukuma wa Nemba. Nimekulia nyuma ya ng'ombe, jua ni ndugu yangu."

"Ndugu yako anakutoa jasho vibaya," Leonsia akamwambia, naye akacheka.

Aliitwa Ndassa. Alikuwa akigombania mpaka wa shamba na jirani yake, mzee Jeremia. Leonsia, fundi cherehani aliyezaliwa Kirushya, alikuwa amemshitaki baba yake mdogo, Pancras. Marehemu baba yake alikuwa ameacha kiwanja karibu na stendi, na Pancras alidai kwamba walikinunua pamoja, ndugu wawili. Kabla ya adhuhuri wote waliambiwa warudi mwezi ujao. Wakili wa Pancras hakuonekana.

Basi mapenzi yao yakawa ya tarehe za kesi. Wakiahirishiwa, walikwenda kunywa chai mgahawani, halafu Ndassa akapanda gari la Nemba. Siku za katikati walipigiana simu.

"Umekula, mama wa cherehani?"

"Nimekula vumbi. Wewe je, mchunga jua?"

Lakini kesi ilimchosha Leonsia. Cherehani yake ya pili ilikuwa imeuzwa kumlipa wakili, na kila kikao mashahidi walitaka nauli na chakula. Siku moja Ndassa alimuuliza kama hajawahi kufikiria kuiacha.

"Mtu anayeacha haki yake njiani simwamini," alijibu. "Kesho ataniacha na mimi."

Ndassa akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

Miezi ikapita. Siku moja Ndassa alichelewa, na Leonsia akamuuliza Tecla, karani wa baraza, kesi ya Ndassa wa Nemba ingeitwa saa ngapi.

"Ile?" Tecla akashangaa. "Iliisha zamani. Walipatana na yule mzee."

Leonsia akatoka uani. Kama hana kesi, anafuata nini hapa? Akageuka, akamwona Ndassa mgahawani, ameketi meza moja na Pancras wakiongea kwa sauti ya chini. Akakumbuka yote aliyomweleza Ndassa kuhusu mashahidi wake. Akavuka barabara.

"Amekutuma kunichunguza?" akamuuliza mbele ya Pancras.

"Leonsia, kaa kwanza."

"Kesi yako imeisha na hukuniambia. Nikae nisikie uongo gani tena?"

Akaondoka. Simu za Ndassa hakuzipokea. Alishona sare za shule chini ya bati lake, kitambaa kikimnata mikononi, na jioni alilala na nguo alizovaa. Mchana mmoja simu iliita, akaipokea kwa sababu alichoka kuisikia.

"Usikate," Ndassa alisema.

"Sema. Nina kazi."

"Nilimwachia mzee Jeremia kile kipande cha kando ya kijito. Nilikuwa nauza ng'ombe kwa ajili ya kesi mpaka zizi likaanza kuota majani. Nilichoka, Leonsia."

"Sasa kwa nini unifiche?"

"Ulisema anayeacha haki yake humwamini. Na nilipokosa kesi, nikakosa sababu ya kukuona. Nikaendelea kuja."

Leonsia alikata uzi. "Na Pancras?"

"Nilimfuata mwenyewe. Nataka kukuoa. Baba yako hayupo, sasa posa niipeleke wapi?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Katika ukoo wao aliyebaki wa kupokea posa ni Pancras peke yake.

"Alikujibu nini?"

"Aliniuliza kama unakula vizuri. Anasema umekonda."

Leonsia aliweka uso wake juu ya sare alizokuwa akishona, simu ikiwa bado sikioni.

"Kiwanja siachi," alisema hatimaye.

"Nani kakwambia uache? Nitakuoa na kesi yako."

Siku ya kikao wakili wa Pancras aliomba tena tarehe nyingine. Watu walipotawanyika, Leonsia na Ndassa walimfuata Pancras, aliyekuwa amebaki kwenye benchi, koti mapajani, akijifuta shingo kwa leso.

"Kwa hiyo nipokee posa ya mtu anayenishitaki?" aliuliza.

"Ndiyo, baba," Leonsia alijibu.

Pancras alimtazama yeye, akamtazama Ndassa, kisha akaliangalia jua lililojaa uani.

"Njooni nyumbani Jumamosi. Wakili wangu asijue."

Akasogea kwenye benchi kumpisha. Leonsia hakuwa amemwamkia tangu siku aliyofungua kesi. Alikaa kando yake, akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Pancras alijibu, na sauti yake ilikuwa imechoka kama ya Leonsia.