Pete ya Epiphanie na Mchanga wa Karuba

Kijijini Karuba kuna baridi asubuhi, na kuna kazi. Jogoo hajamaliza kuwika, Epiphanie ameshachota maji, amewasha moto, na ameinama nje kusugua sufuria. Alisugua kwa majivu na mchanga wa mtoni, kama mama yake alivyomfundisha. Sufuria zake ziling'aa mpaka majirani wakamtania.

"Dada, siku moja utatoboa ile sufuria!"

Baada ya sufuria, jembe. Alilima maharage na viazi mlimani mpaka jua likawa kali.

Kidoleni alivaa pete ya ndoa. Mumewe, Viateur, aliileta kutoka Omate, kule Walikale, alikofanya kazi ya kuchimba madini. Pete ilikuwa ya shaba, na juu yake jiwe la kijani, zuri, lenye mwanga ndani. Padri aliibariki siku ya ndoa. Tangu siku ile Epiphanie hakuivua hata mara moja, si kwa jembe, si kwa sufuria. Kwake, kuvua pete ilikuwa sawa na kuvua ndoa yenyewe.

Viateur alirudi kazini Omate. Mvua zikaja, zikapita. Polepole jiwe likaanza kubadilika. Mwanga wake ukapotea. Likawa na ukungu kama jicho la mbuzi mzee.

Wa kwanza kuliona alikuwa mama mkwe, Mama Emérence. Mama huyu hakuwa mtu mbaya. Nakuambia mapema, msomaji, maana hivi punde utataka kumkasirikia. Alikuwa mjane, na Viateur alikuwa mtoto wake wa pekee. Alimpenda kwa hofu. Na mwenye hofu huona nyoka hata kwenye kamba.

Fundi aliyekata jiwe la pete alimpa Viateur kipande kilichobaki, na Viateur akamwachia mama yake akitunze. Siku ile Mama Emérence alikitoa sandukuni. Kilikuwa bado kinang'aa.

"Angalia," alisema. "Hii na ile njo jiwe moja. Hii inakaa mu sanduku yangu, inaangaza. Ile inakaa ku mukono yako, imekufa. Jiwe inaonaka roho ya muntu. Mutoto yangu iko Omate. Wewe unafanya nini hapa?"

"Mama, mi nalimaka tu. Nalimaka, napikaka, nalalaka."

"Jiwe haidanganyake."

Utabishana vipi na jiwe?

Viateur aliporudi kupumzika, mama yake alimweleza yote. Alitazama kipande, kisha akatazama pete.

"Na wewe, Viateur?" Epiphanie aliuliza. "Unasema nini?"

Viateur aliangalia chini. Kimya kile kilimuumiza Epiphanie kuliko maneno yote ya mama mkwe.

"Siku ya yenga, kiisha misa, tutaita wazazi yake," alisema Mama Emérence, akihesabu siku zilizobaki kufika Jumapili. "Arudie kwabo."

Epiphanie alilia, kisha akajifuta machozi. Aliona kwamba akinyamaza na yeye, amekwisha.

"Mama, kama ni jiwe njo inanishitaki, twende kwa muntu mwenye kujua mawe. Papa Léopold iko Mushaki. Akisema nina kosa, nitarudia kwetu mi mwenyewe, hamutaita muntu."

Hapo Viateur akainua kichwa. "Mama, ile maneno iko sawa. Twende."

Papa Léopold alikuwa mtu wa Mpofi, Walikale. Miaka mingi alikuwa mchaguzi wa mawe machimboni. Sasa alikuwa na meza yake sokoni Mushaki, akitengeneza saa na pete. Watu wote watatu walimkuta hapo. Mama Emérence alikuwa amefunga kipande chake kitambaani, kama mtu anayekwenda na shahidi wake mahakamani.

Papa Léopold alisikiliza mpaka mwisho. Hakuangalia pete kwanza. Aliangalia viganja vya Epiphanie, vilivyojaa sugu.

"Mama, hii mikono inafanyaka kazi gani?"

"Kulima, Papa. Na kusugua sufuria na mchanga."

"Na pete inabakiaka ku kidole?"

"Siivuake. Padri aliibariki."

Papa Léopold hakucheka. Alichukua kisu kidogo, akamgeukia Mama Emérence.

"Mama, uniruhusu niguse pembeni ya kile kipande yako. Kidogo tu."

Mama alikubali. Kisu kilipita juu ya jiwe la kijani, kikaacha mkwaruzo mweupe. Papa Léopold akatoa jiwe jingine, jeupe kama maji, akalikwaruza kwa kisu kilekile. Kisu kiliteleza. Kiliacha alama ya kijivu, akaifuta kwa kidole, ikatoka. Jiwe halikuumia.

"Hii ya kijani wanaiita fluoriti," alisema. "Iko muzuri kwa macho, lakini iko laini. Kisu inaiuma. Hii nyeupe iko kwatzi. Iko ngumu, inashinda kisu. Sasa sikilizeni vizuri. Mchanga ya kwetu, ile ya mutoni na ile ya shamba, ndani yake muko punje nyingi za kwatzi. Jiwe ngumu inakwaruzaka jiwe laini. Kila asubuhi huyu mama anasugua sufuria, na mchanga inasugua pete. Anashika jembe, udongo inasugua tena. Mikwaruzo kidogo kidogo, mingi sana, macho haiwezi kuihesabu. Njo ule ukungu munaona."

Mama Emérence alikunja uso. "Ni maneno tu. Mafundi munajua kusema."

"Basi tuache maneno, Mama."

Papa Léopold aliweka mchanga juu ya kitambaa chenye maji. Akaweka kile kipande mkononi mwa Mama Emérence.

"Sugua. Vile muke ya mutoto yako anasuguaka sufuria."

Mama Emérence akasugua. Alisugua kwa nguvu, maana alikuwa na hakika. Mkono ukachoka. Papa Léopold akamwagia maji, akakausha jiwe, akamrudishia.

Kipande kilikuwa na ukungu. Mwanga wake ulikuwa umekwenda.

Mama Emérence alikigeuza huku na huku. Papa Léopold akamwambia kwa upole:

"Usiogope, Mama. Roho yako iko safi. Ni mchanga tu."

Mama akakaa chini, palepale sokoni. "Epiphanie," alisema, "mi nilitaka kukurudisha kwenu sababu ya mchanga."

Akalia. Epiphanie naye akalia, akapiga magoti karibu naye. Viateur naye akasema: "Mama alisema vibaya, lakini mi nilinyamaza. Kosa yangu njo kubwa. Unisamehe, Epiphanie."

"Nimekusikia," alijibu Epiphanie.

Papa Léopold aliwaacha wapumue. Kisha akatandaza mawe mezani: jeupe, la manjano, la zambarau. "Tuchague jiwe ingine kwa ile pete."

Viateur, kwa hamu ya kutengeneza alichoharibu, akachukua nyundo. "Sisi ku Omate tunajua kupima. Jiwe ya kweli haivunjike!"

Papa Léopold alimdaka mkono hewani. "We! Utaniua! Mawe mangapi mazuri munavunjaka kule vile? Ugumu ya kito ni kukataa mukwaruzo. Kuvunjika ni maneno ingine. Hata almasi, ile inashinda mawe yote kwa kukwaruza, nyundo inaweza kuipasua. Weka chini."

Nyundo ikawekwa chini. Hata Mama Emérence alicheka kidogo, machozi bado machoni.

"Hizi zote ni kwatzi?" Epiphanie aliuliza. "Mbona rangi haifanane?"

"Zote ni kwatzi. Ile ya zambarau wanaiita ametisti. Rangi mbali mbali, ugumu moja. Na kuko rangi moja yenye ugumu mbali mbali. Ukiona kijani, inaweza kuwa kioo, laini. Inaweza kuwa fluoriti, laini zaidi. Inaweza kuwa turmalini, ngumu kama kwatzi ao kupita. Kwa hiyo usinunue rangi. Uliza kwanza jina ya jiwe, uliza ugumu. Kiisha, rangi, chagua ile roho yako inapenda."

Epiphanie alichagua la zambarau. Lilimkumbusha maua ya viazi shambani kwake.

"Lakini hii pia utaivua wakati ya kazi," Papa Léopold alimwonya. "Kwatzi na kwatzi zinaweza kukwaruzana. Na usiiache mu jua siku nzima, ametisti ingine inafifiaka."

"Na baraka, Papa?"

"Muulize Padri mwenyewe."

Jumapili, badala ya kuita wazazi, walimwendea Padri. Padri alisema kwamba alibariki ndoa yao, na ndoa hailali kidoleni. Avue pete, alime, avae tena.

Leo jiwe la zambarau linang'aa kama siku lilipotoka mezani kwa Papa Léopold. Wanawake wengine wa Karuba nao huvua pete kabla ya kushika mchanga. Na asubuhi, Epiphanie anapoinua jembe, Mama Emérence hunyosha kiganja.

"Leta pete."

Huifunga kwenye pindo la kitambaa chake, mafundo mawili, na kukaa nayo mpaka kazi iishe. Siku moja jirani aliyepita njiani aliona lile fundo.

"Mama Emérence, umefunga nini pale?"

"Pete ya mutoto yangu."

"Pete ya Viateur?"

"Viateur iko Omate," alisema Mama Emérence, akaonyesha kwa kidevu mwanamke anayelima mlimani. "Nasema ule pale."