Mtaa Usio na Watu

Scovia alikuwa akirudi kinyumenyume katikati ya mji wa Homa Bay, jicho kwenye kamera, akitaka baraza lote la duka kuukuu liingie katika picha moja, alipojikwaa kwenye rundo la matairi. Fundi wa akala, viatu vya matairi, aliruka akaidaka kamera. Scovia mwenyewe akaanguka kitako, gauni lake la kitenge cha manjano likajaa vumbi.

"Umeokoa kamera ukaniacha mimi?"

"Wewe utapanguswa, uendelee. Hiyo nasikia ikivunjika haina dawa."

Ndivyo alivyomjua Mirumbe, Mkuria kutoka Migori, mrefu, mikono ya shati imekunjwa, vidole vinanuka raba. Haukupita muda akawa anamwita jaber, mrembo, kwa Kijaluo kilichopinda, na Scovia anacheka na kumtaka arudie. Kila siku alipata sababu ya kupita pale. Hakuwa na haja na akala, lakini alinunua.

Mstari ule wa vibanda, pamoja na duka kuukuu, tajiri mmoja alitaka uvunjwe ajenge ghorofa. Scovia akaapa kuupiga picha wote kabla haujaguswa. Alikuwa akitoka alfajiri, mwanga ukiwa laini na hakuna mtu wa kumzibia. Picha akaziweka mtandaoni, jina lake pembeni, watu wakazisifu mno.

Halafu kikafika kikao cha maoni ya wananchi. Boaz, msemaji wa tajiri, akazionyesha picha zilezile ukutani: milango imefungwa, njia tupu. Akasema mnajionea wenyewe, hapa hakuna kazi, na wachache waliopo ni watu wa kupita. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Scovia. Mama Zilpah, mwenyekiti, akaahirisha kikao hadi wiki iliyofuata.

Mirumbe aliondoka siku hiyohiyo kwenda kwao Migori. Scovia akampigia; simu iliita na kuita kabla hajapokea.

"Sikumuuzia, Mirumbe. Amezichukua tu."

"Najua hukuuza. Lakini ulitupiga picha wakati hatupo, ukaona ndivyo mtaa unavyopendeza."

Simu ikakatika. Scovia akalia, kisha akakasirika, na hasira ya binti aliyezaliwa Rangwe usiichezee. Alimkasirikia Boaz, akajikasirikia mwenyewe zaidi, maana Mirumbe alisema kweli tupu.

Siku ya soko, jua la utosini, akarudi na kamera. Akapiga picha za jasho, kelele, akina mama wa omena, dagaa wa ziwani, kinyozi na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Akachapisha picha kubwa, akazibandika kwa gundi ya unga kwenye ua wa mabati ambao tajiri alikwisha kuuzungusha. Mlinzi akazibandua. Scovia akambandikia nyingine mbele ya macho yake, akamwambia abandue tu, bado anazo. Mlinzi akachoka yeye.

Kikao cha pili kilijaa mpaka madirishani. Scovia alionyesha picha mpya, akasema wazi kwamba zile za kwanza zilimfurahisha yeye na kuwadhulumu wenye mtaa. Boaz akatabasamu. Akasema siku moja ya soko si ushahidi, akamnyooshea kidole mtu aliyesimama mlangoni: kama huyu, kwao ni Migori, mpakani, kesho hayupo.

Alikuwa Mirumbe, amerudi, begi la safari bado begani.

"Mama mwenyekiti," Mirumbe akasema, "mimi si wa kupita. Hapa ndipo ninapokula, na hapa ndipo nitakapooa. Huyo mwenye kamera, akinikubali."

Mama Zilpah akamtazama Scovia juu ya miwani, akamkumbusha kwamba kila linalosemwa pale linaandikwa.

Scovia akasimama.

"Basi andika, mama, kwamba amekubaliwa. Na harusi itafanyika palepale vibandani, mchana kweupe. Atakayetaka kuvunja, aje atukute tunacheza."