Pistoni ya Tatu

Kila alasiri Chiriku alibadili sare za shule na kwenda karakana ya baba yake, fundi wa injini za magari ya mashindano. Kazi yake ilikuwa kuosha vyuma kwa brashi. Kazi ya kupima vyuma kwa mizani, aliyoitamani tangu utotoni, alipewa binti wa shangazi yake, aliyehamia kwao juzijuzi tu.

Binamu huyo alipima pistoni nne, akazipunguza kwa kuzisugua kwa tupa upande wa ndani ili injini iwe nyepesi kuzunguka, mpaka zote zikalingana uzito. Baba akamsifu mbele ya mafundi. Chiriku alitabasamu, lakini wivu ulimchoma. Mtu kaja jana, leo ndiye mwenye nyumba!

Wengine walipokwenda kunywa chai, alichukua tupa akaisugua pistoni ya tatu iwe nyepesi kuliko nyingine. Alijua baba hurudia kupima, na safari hii angemkuta bingwa wake amekosea.

Baba hakurudia. Alisema mkono wa binamu anauamini kama wake, akaanza kuzipaka oili ili azifunge kwenye injini. Chiriku alizidi kuumia, kwani yeye hajawahi kuaminiwa hivyo. Mara akaingia mama yake mdogo, dereva wa gari lenye injini hiyo, kuuliza kama Jumamosi atashindana. Akatania kwamba wanahangaikia gramu kama wauza dhahabu.

"Injini ikienda mbio, gramu chache hupiga kama nyundo," baba alimjibu. "Inatetemeka mpaka inapasuka, na wewe umo ndani."

Chiriku akaushika mkono wa baba yake.

"Baba, usiifunge. Ya tatu nimeisugua mimi. Nilitaka aonekane amekosea."

Baba alieleza kwamba chuma hupunguzwa, hakirudishwi. Ilibidi zile nyingine tatu zisuguliwe zifikie uzito wa ile nyepesi. Akampa Chiriku tupa, akamweka binamu kwenye mizani.

"Bado," binamu alisema kila alipopima. Chiriku akasugua tena, vidole vikimuuma, mpaka magharibi.

"Basi. Zimelingana."

Baba akawasogelea. "Mwanangu, ulitaka kumwangusha mwenzako, kumbe angeanguka mama yako mdogo. Ukimwonea mtu wivu kwa ujuzi wake, mwombe akufundishe."

Wivu ulikuwa haujamtoka wote. Hata hivyo Chiriku alifuta mikono, akasogea kwenye mizani.

"Nifundishe," alimwambia binamu yake.

Binamu akamsogezea kiti.