Miguu Chini ya Maji

Kila siku akitoka shule, Chachu alifanya mambo manne kwa mpangilio usiovunjwa. Alivua viatu mlangoni, alinawa mikono, alikula kilichofunikwa mezani bila kuuliza ni nini, kisha aliingia chumba cha mbele, ambacho kilikuwa studio ya picha ya shangazi yake. Hapo aliketi mbele ya kompyuta kwa adabu ambayo walimu wake hawakuwahi kuiona darasani hata kwa bahati mbaya.

Chachu halikuwa jina lake la kuzaliwa. Shangazi ndiye aliyempa, kwa sababu popote alipotiwa msichana huyo, mambo yaliumuka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, vidole vyepesi, na kipaji kimoja ambacho dunia haikuwa imekiomba: aliweza kutia maji katika picha yoyote.

Hakuyatia ovyo. Alichukua nakala ya picha, akaipindua kichwa chini, akaiweka chini ya ile ya kwanza, akaififisha, kisha akaitia mawimbi, madogo kule mbali na makubwa huku karibu. Mwisho aliongeza weusi kidogo pale mwili unapoingia majini, na uzi mwembamba wa mwanga kuuzunguka.

"Maji hayana rangi yake," shangazi alimfundisha. "Huazima. Ukitaka watu wayaamini maji yako, angalia yanaazima kwa nani."

Kwa elimu hiyo tukufu, Chachu aliwahi kumzamisha mwalimu mkuu hadi kiunoni ndani ya ofisi yake, akiwa bado anatia sahihi, huku samaki wawili wamepanga foleni mbele ya meza. Picha ilizunguka shule nzima kabla ya kipindi cha pili. Mpishi wa shule alikwenda ofisini na ndoo na tambara bila kuitwa. Chachu alideki ukumbi siku tatu, kwa maji ya kweli, ambayo aligundua hayafutiki kwa kubonyeza kitufe.

Shangazi hakukasirika sana. "Mradi ulifanya nakala kwanza," alisema.

Maneno hayo mawili, NAKALA KWANZA, aliyaandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi na kuibandika chini ya kioo cha kompyuta. Ilikuwa sheria pekee ya studio. Picha ya mteja haiguswi. Unatengeneza nakala yake, unacheza na nakala, na ile ya asili inabaki salama kama yai chini ya kuku.

Alhamisi moja alikuja fundi bomba wa mtaa, binti yake akimfuata. Binti huyo alikuwa akikaa dawati moja na Chachu shuleni, na darasa lilimwita Kimya, kwa sababu maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kisanduku cha kiberiti. Tangu mama yake afariki, miezi miwili sasa, hata kisanduku hicho kilikuwa kitupu.

"Shikamoo, fundi," Chachu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Shangazi yupo?"

Shangazi alitoka akipangusa mikono. Fundi alimpa simu yenye ufa, akiishika kwa viganja viwili kana kwamba ingemwagika.

"Dada, ni hii picha. Nataka uikuze ikae ukutani. Sina nyingine. Mwenzangu alikuwa akiona kamera tu, anakumbuka ana kazi. Hii nilimvizia."

Ilimwonyesha mwanamke uani asubuhi, chini ya kamba ya nguo, miguu peku, shati lililolowa begani, mkono mmoja umeziba kicheko na kicheko kimepenya pembeni. Wote wanne waliitazama. Shangazi aliihamishia kwenye kompyuta, akaahidi kuwa Jumamosi itakuwa tayari na fremu yake.

Fundi alipokuwa akichagua fremu, Kimya alisogea karibu na Chachu. "Alikuwa anasema ipo siku atatia miguu baharini," alinong'ona. "Hakuwahi kuiona."

Hayo maneno yalilala na Chachu na kuamka naye.

Ijumaa mchana shangazi alikwenda kupiga picha za mahafali. Chachu alibaki peke yake na wazo jema, na mawazo mema ndiyo yaliyokuwa yakimtia matatani zaidi kuliko yale mabaya. Angempeleka mama yake Kimya baharini. Angeifanya picha ya pili, ya siri, ampe rafiki yake bila kelele.

Alifanya kazi saa mbili. Maji yaliazima rangi kwa anga ya asubuhi na weupe kwa lile shati. Yalipanda taratibu, yakafunika vifundo, yakaishia chini ya magoti. Hakuwa amewahi kutengeneza maji mazuri kama yale. Aliunganisha matabaka yote ya picha kuwa moja, akahifadhi, akafunga, akazima kompyuta. Kioo kilipokuwa cheusi ndipo macho yake yalipoteremka kwenye karatasi ya maandishi mekundu.

Akaiwasha tena kompyuta. Faili lilikuwa moja tu, na ndani yake kulikuwa na bahari. Ukiwa hujafunga, unaweza kurudi hatua kwa hatua hadi ulikoanzia. Ukishafunga, kompyuta husahau kama mtoto aliyetumwa dukani.

"Simu ya fundi," alijiambia. "Kwenye simu bado ipo."

Alitoka mbio. Alimkuta fundi barabara ya pili, amesimama ndani ya mtaro, matope magotini, akikaza bomba lililopasuka.

"Simu?" Fundi alicheka kicheko kisicho na raha. "Imeniponyoka asubuhi, mwanangu. Imekunywa maji mpaka ikafa. Nimeipeleka kwa fundi wa simu, anasema nikaizike. Nashukuru tu ile picha nilishawaletea. Ningekuwa mgeni wa nani leo?"

Chachu alifungua kinywa. Kinywa kikasema, "Itakuwa tayari kesho."

Alirudi studio akafanya alichojua kufanya. Safari hii alitengeneza nakala kwanza, kwani binadamu huliona lango vizuri sana baada ya ng'ombe kutoka. Alifuta bahari, akavuta udongo wa uani kutoka pembeni hadi ukajaza pengo. Kisha akapekua picha za wateja mpaka akapata miguu peku ya mwanamke mmoja aliyekuja na familia yake mwaka jana, akiwa hana habari kwamba siku moja atakuwa mfadhili wa miguu. Aliikata, akaipaka kivuli, akaipachika. Ungeapa ilizaliwa pale.

Shangazi mwenyewe hakugundua. Jumamosi aliichapisha akiutazama uso, kama kila mtu angefanya.

Fundi aliipokea kwa viganja viwili. "Ndiye," alisema. "Ndiye kabisa."

Kimya alikuwa akitazama chini kabisa ya picha. "Baba, hii si miguu ya mama."

"Miguu ni miguu, mwanangu. Twende."

"Picha ikikuzwa hubadilika kidogo," Chachu alisema haraka, kwa sauti ya mtaalamu. Kimya alimtazama, akaitikia kwa kichwa, akamfuata baba yake.

Jumatatu darasani, wenzao walikuwa wakimsihi Chachu awazamishie mwalimu wa hesabu. "Mtie ndani ya bwawa na rula yake," mmoja alisema. Chachu hakucheka. Kimya alikuwa ameegemeza shavu kwenye dawati, akichora kitu pembeni ya daftari, akikifuta, akikichora tena. Ulikuwa mguu.

"Nimeanza kumsahau," alisema bila kuinua kichwa.

"Nani?"

"Mama. Nilikuwa na uhakika kidole chake kidogo kimelalia jirani yake. Kama changu. Alikuwa akinikata kucha ananitania, anasema hiki kidole kivivu umekirithi kwangu. Kumbe hakikuwa hivyo. Nilikuwa natunga." Akafuta tena. "Miezi miwili tu, na tayari natunga."

Chachu alihisi uongo wake mdogo, ule wa sauti ya mtaalamu, ukiumuka hadi kujaa darasa.

"Hukutunga," alisema. "Mimi ndiye niliyetunga."

Akamweleza yote, bahari, karatasi nyekundu, mtaro, miguu ya kuazima. Alitarajia kofi, na angelipokea kwa shukrani. Kimya hakumpiga. Alikusanya daftari lake, akahamia dawati la nyuma.

Nyumbani, Chachu alimwambia shangazi kabla ya kuvua viatu. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alibandua ile karatasi nyekundu, akaikunja mara mbili, akaitia katika mfuko wa sare ya Chachu. "Ilikuwa imekaa mahali pasipofaa," alisema. "Tangulia. Tunakwenda kwa fundi."

Sebuleni kwa fundi, picha ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya kiti kimoja ambacho hakuna aliyekikalia. Chachu alisimama mbele ya picha hiyo na kusema tena yote. Fundi aliketi juu ya sanduku lake la spana.

"Kwa hiyo ile ya kwake haipo tena."

"Haipo, fundi. Hairudi."

"Hata mahali popote."

"Hata mahali popote."

Alifunika macho kwa mkono wenye kutu. Mabega yake yalitikisika.

Kimya ndiye aliyevunja ukimya. Alikuwa mlangoni. Alivua kiatu, akavua soksi, akausogeza mguu mbele ya baba yake. Kidole kidogo kilikuwa kimemlalia jirani yake kwa uvivu mkubwa.

"Mimi ninayo, baba," alisema.

Jumamosi iliyofuata, saa ile ile ya asubuhi, Kimya alisimama peku uani kwao, chini ya kamba ile ile ya nguo, na shangazi akampiga picha miguu. Chachu ndiye aliyeunganisha. Alifanya nakala kwanza, kisha nakala ya nakala. Kimya aliketi kando yake, mara ya kwanza tangu ahame dawati, akisema "kushoto kidogo" na "hapana, alisimama kwa kisigino."

Kabla ya kufunga fremu, shangazi alimpa Chachu kalamu. Nyuma ya picha, Chachu aliandika kwa mkono wake: *Miguu ni ya binti yake. Ya kwake niliipoteza mimi.*

"Fundi akisoma hivyo ataumia," alisema.

"Ataumia," shangazi alikubali. "Lakini hatadanganywa. Sikiliza, mwanangu. Kuharibu picha ilikuwa ajali, na ajali zinasamehewa kabla hazijaombewa msamaha. Kuazima nako si kosa. Maji yenyewe yanaazima. Kosa ni kuazima kwa siri, halafu ukamwacha mwenye macho aamini kwamba yeye ndiye kipofu. Picha unaweza kuirudia. Mtoto akishaacha kuyaamini macho yake, hilo hakuna kitufe chake."

Chachu aliupuliza wino ukauke, akafunga fremu.

Kimya aliichukua fremu, akaikumbatia kifuani. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Ile ya bahari bado unayo?"

"Ninayo. Nitaifuta leo hii."

Kimya alifikiri. "Usiifute," alisema. "Siku moja nitakuja kuiangalia. Si sasa."