Wenzo wa Magurudumu

Tek-tek-tek. Kifuniko cha birika kilikuwa kikicheza jikoni, na nje hakujapambazuka. Chiriku alikuwa macho kitambo. Alilala chali akiusikiliza mlio ule.

Jina la Chiriku alibandikwa na mjomba wake kwa sababu ya kupenda kuongea. Lakini asubuhi hiyo, alipokaa mezani, hakutia neno.

"Mwanangu, unaumwa?" mama aliuliza, akimgusa shingoni kwa mgongo wa kiganja.

"Hapana, mama. Sina njaa tu."

"Leo ndiyo siku yetu. Kunywa hata nusu kikombe."

Mama alikuwa mtengenezaji wa programu za kompyuta. Kwa mwaka mzima yeye na mjomba, ambaye ni fundi seremala, walikuwa wakiyatengenezea makumbusho ya mji mashine ya kuigiza urushaji wa ndege ya kivita ya zamani. Mjomba alichonga chumba cha rubani kwa mbao. Mama alitengeneza anga na ardhi vinavyoonekana kwenye skrini. Makumbusho yalitoa sharti moja: kila kitu kiwe kama kilivyokuwa kweli, si kama kwenye michezo ya kompyuta, ambako ndege hugeuzwa mtu apendavyo. Leo rubani mstaafu aliyewahi kuirusha ndege hiyo angekuja kukagua. Akiridhika, angetia sahihi, na yeye mwenyewe ndiye angewafundisha wanafunzi.

Ndege yenyewe ilihifadhiwa kwenye banda, mwendo wa saa mbili kwa gari. Mwezi uliopita mama alimpeleka Chiriku huko, kwa kuwa mwili wake wa miaka kumi na miwili uliweza kupenya mahali ambapo watu wazima hukwama. Alimpa futi, tochi na karatasi yenye mistari thelathini. Mistari ishirini na tisa Chiriku aliijaza kwa kupima kweli. Mstari wa mwisho ulikuwa wa wenzo wa magurudumu, ule unaovutwa ili magurudumu yaingie tumboni mwa ndege. Chini ya kiti kulikuwa na giza na utando wa buibui, naye aliwaogopa buibui kuliko alivyomwogopa mwalimu wa zamu. Akakumbuka mchezo wa ndege anaocheza nyumbani. Humo, wenzo uko kushoto. Akaandika: "Kushoto, sentimita arobaini kutoka kitini."

Mama alimkumbatia na kumsifu.

Sasa Chiriku, mama na mjomba walikuwa wamesimama ndani ya makumbusho pamoja na mkuu wa mahali hapo, wakimtazama rubani akiingia kwenye chumba cha mbao. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, lakini alikaa kitini kama mtu aliyerudi kwake. Akafumba macho.

"Angani hakuna muda wa kutazamatazama," alisema. "Mkono unajua wenyewe."

Akaanza kupapasa. Swichi ya mafuta, ipo. Mkanda, upo. Kila alipopata alichokitafuta, mama alishusha pumzi. Ndege ya kwenye skrini ikakimbia, ikaacha ardhi. Rubani akauhamishia usukani mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukashuka chini.

Ukashika hewa. Ukapapasa tena. Ndege ikayumba, bawa likagonga miti, skrini nzima ikawa nyekundu.

"Wenzo wa magurudumu uko wapi?"

"Kushoto, mzee," mjomba alijibu.

"Kushoto? Ulikuwa kulia! Ilibidi tubadilishe mikono. Rubani mgeni tulimjua kwa jinsi ndege yake ilivyoyumba."

Mkuu wa makumbusho alimgeukia mjomba. "Fundi, umegeuza mchoro?"

"Mimi? Nimefuata karatasi, mkuu. Hata msumari mmoja sikuongeza kwa akili yangu."

"Karatasi ni hii hapa," mama alisema, akiikunjua. "Alipima mwanangu, kwa mkono wake. Na mwanangu hadanganyi. Kaka, labda uliisoma vibaya."

Mjomba aliinama kuitazama karatasi. Chiriku aliona masikio yake yakiwaka moto.

Rubani aliichukua karatasi, akaisoma kwa muda mrefu. Kisha akamrudishia mama.

"Fundi hana kosa. Imeandikwa kushoto," alisema taratibu. "Mtoto alikuwa na futi. Mimi nina kumbukumbu tu. Binti yangu huniambia siku hizi nasahau, nami humbishia." Akavaa kofia yake. "Tafuteni mtu mwingine wa kuwafundisha watoto. Nisije nikawajaza uongo."

Akaanza kuelekea mlangoni. Hatua moja. Mbili. Chiriku aliutazama mgongo wake. Akinyamaza, hakuna atakayejua.

"Babu!"

Mzee akageuka.

"Babu, hujasahau. Mimi sikupima. Niliogopa buibui, nikaandika kama ilivyo kwenye mchezo wa nyumbani."

Mama alichuchumaa mbele yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinisifu, mama."

Mama alisimama, akamgeukia mjomba. "Kaka, nisamehe. Nimekutupia lawama. Na kuhakiki ilikuwa kazi yangu."

"Yameisha," mjomba alisema, ingawa sauti yake bado ilikuwa nzito.

Mkuu wa makumbusho alisema leo hakuna sahihi; angewasubiri mpaka Jumatatu. Rubani alivua kofia, akakaa tena, akapangusa macho kwa kidole gumba.

"Njoo hapa, mjukuu wangu. Mstari mtupu usingenidhuru. Ungeandika 'sijui', mama yako angeutafutia jibu. Lakini namba ya kubuni inafanana mno na namba ya kweli. Mimi mwenyewe nimeiamini kuliko mkono wangu! Huenda aliyetengeneza mchezo wako alikisia, wewe ukamwiga. Kesho wanafunzi wangekuiga wewe, na sisi tulioirusha ndege ile tungekuwa tumeshaondoka duniani. Usichokijua kiache wazi, au uliza. Na ukikosea, sema mapema, kama leo."

"Leo si mapema, babu."

"Sikuwa nimefika mlangoni," mzee alisema, na mjomba akashindwa kuzuia kicheko.

Jumamosi walikwenda bandani wote wanne. Mjomba aliinama kwenye uwazi wa ndege, akaita, "Enyi buibui, sogeeni, mkaguzi anaingia!" Chiriku hakucheka. Aliwasha tochi, akajipenyeza chini ya kiti. Utando ulimnata usoni. Kitu chenye miguu mingi kilimkimbilia juu ya kiganja, mwili mzima ukamsisimka, lakini mkono hakuurudisha. Vidole vyake vikagusa chuma baridi.

Akavuta futi, akasoma. Akaiachia, akapima upya. Nje, mama alikuwa ameshika kalamu, na rubani ameegemea bawa akisubiri.

"Uko kulia, sentimita thelathini na moja," Chiriku alisema kwa sauti.