Koki ya Nne Chini ya Sinki

"Umemgandisha mama yangu makusudi!"

Wifi yangu Miryeong alikuwa amesimama katikati ya sebule, koti bado mwilini, kidole mbele ya pua yangu.

"Mguse mikono! Kama samaki wa kwenye barafu!"

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, amevaa jaketi la manyoya juu ya nguo za kulalia. Saa sita mchana. Nje baridi ilikuwa nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri.

Mume wangu Donguk alikuwa anatazama soksi zake.

Jamani, mimi nimgandishe?

Siku nne nilikuwa napambana na boila yetu, ile inayosukuma maji ya moto kwenye mabomba chini ya sakafu. Nyumba nzima sakafu ina moto, unaweza kulala bila godoro. Chumba cha mama mkwe peke yake... jiwe!

Jumatano nilipotoka kazini nikaangalia kidhibiti cha ukutani. Kizima, hakina tatizo.

Alhamisi nikaona geji ya presha iko chini, nikaongeza maji. Wapi!

Ijumaa nikatoa hewa kwenye mabomba. Nilishika ndoo mpaka maji yakaacha kukohoa. Nikafungua chujio, likatoka tope jeusi kama wino. Nikaosha, nikarudisha.

Sakafu ya mama bado baridi.

Kitu kimoja tu sikukiangalia: koki za vyumba, zile tano zilizojipanga chini ya sinki, kila moja inapeleka maji ya moto chumba chake. Hizo Donguk alisema ameziangalia mwenyewe.

"Zote wazi," aliniambia. "Ni boila tu imezeeka."

Nikamwamini. Nimeolewa naye miaka kumi na tisa, nisimwamini kwa koki?

"Wifi," nikamwambia Miryeong, "fundi anakuja Jumatatu."

"Fundi wa nini? Vyumba vingine si vina joto?"

Akaingia jikoni, akafungua kabati, akasogeza ndoo ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachua.

Akainama, akaingiza kichwa ndani.

"Kaka. Njoo uone."

Koki ya nne, ya chumba cha mama, ilikuwa imefungwa. Tena imekazwa!

"Jiko hili la nani?" Miryeong akaniuliza. "Nani anaingiza mkono humu zaidi yako?"

Nikamgeukia mume wangu. Nilijua atasema. Si ndiye aliyeziangalia?

Akavuta pumzi ndefu, akaniita kwa jina la mtoto wetu.

"Mama Haerin... si ungeniambia tu kama umemchoka mama?"

Nyie!

Sikulia. Nilikaa chini pale pale jikoni, mgongo kwenye friji. Nilichoka mpaka kwenye mifupa.

"Mama, nakufungia mizigo," Miryeong akasema, akachukua begi. "Twende kwangu."

"Labda ni bora," Donguk akadakia upesi. Upesi mno!

Ndipo mama mkwe akafungua mdomo. Alikuwa amejikongoja hadi mlango wa jikoni.

"Donguk."

"Naam, Mama."

"Magoti yamepona?"

"Magoti gani?"

"Jumatano asubuhi ulipiga magoti hapo kwenye sinki. Mkeo alikuwa kazini. Mlango wangu ulikuwa wazi."

Donguk akawa mwekundu kama pilipili.

"Nilikuwa... nilikuwa naangalia uvujaji..."

"Nilidhani utaifungua tena," mama akasema taratibu. "Nikangoja. Siku nne. Baridi nimeivumilia, we ni mwanangu. Lakini kumtwisha mkeo lawama? Hapana."

Miryeong akashusha begi.

"Kaka! Ulitaka mama aende kwangu, si ungesema?"

"Mimi ndiye mkubwa!" akafoka, sauti inakatika. "Mtoto wa kwanza anamwambiaje mama yake aondoke? Ukoo mzima ungenitemea mate!"

Kwa hiyo sakafu imsemee. Na matusi ninywe mimi.

Miryeong akanigeukia. "Wifi, nisamehe."

"Baadaye. Shika upande ule wa godoro."

Mimi si mtu wa maneno mengi. Tulibeba godoro la mama mkwe na mto wake mpaka chumbani kwangu, tukalitandika upande wa karibu na boila, pale sakafu inapochoma nyayo.

"Mama, haendi mtu popote. Utalala na mimi."

"Nakoroma, mwanangu."

"Na huyu mwanao je? Nimezoea."

Akacheka. Mara ya kwanza wiki hiyo!

Wasomaji wangu, shikeni hili: vyumba vyote vikiwa na joto na kimoja baridi, msianze na fundi. Anzeni na koki. Na koki haijifungi yenyewe. Mtazame anayekwambia ameshaangalia.

Nikatoa blanketi la Donguk kabatini, moja, nikamwekea mikononi.

"Chumba cha mama ni chako."

"Nitaifungua koki basi..."

"Ukiigusa kabla hujawapigia simu baba zako wadogo na kuwaeleza aliyeifunga, nitawapigia mimi."

Nikamsindikiza hadi mlangoni. Akakanyaga sakafu kwa soksi zake, akaruka kwa baridi.

Nikamfungia mlango.